Kukagua Fomu ya Mali ya Mbunge wa Jimbo Marekani: Pa Kuanzia na Pa Kuchimba

Kila mabunge ya majimbo yakianza vikao, maswali huwa yaleyale. "Mbunge wetu ana nyumba za kupangisha, inakuwaje yeye ndiye anapigia kura mswada wa kodi ya pango?" "Mali zake zimeandikwa wapi?" "Nikienda kuuliza ofisini, si wataanza kunichunguza na mimi mwenye green card?" Nimeona niyajibu yote kwa pamoja, kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi Marekani na wanaotaka kuifanya kazi hii wenyewe bila kumsubiri mwandishi wa habari.

Tuelewane jambo moja mapema. Nazungumzia mabunge ya majimbo, yale yanayokaa miji mikuu ya majimbo kama Sacramento (California), Austin (Texas), Columbus (Ohio) na Saint Paul (Minnesota). Congress, yaani bunge la taifa la Washington, ni habari nyingine. Zile tovuti maarufu zinazoonyesha mbunge gani kanunua hisa gani zinaifuatilia Congress, kwa kuwa sheria ya STOCK Act ya 2012 inawabana wabunge wa taifa watangaze hisa wanazonunua na kuuza. Mbunge wa jimbo lako hayumo humo. Yeye anabanwa na sheria ya jimbo, na kila jimbo limejitungia ya kwake.

Nadharia ni fupi. Mgongano wa maslahi upo pale uamuzi wa mbunge unapogusa mfuko wake, wa mwenzi wake, au wa yule anayemlipa. Si lazima awe ameiba kitu. Wala si jambo la ajabu, maana kwa wengi wao ubunge ni kazi ya muda tu: Texas inawalipa mshahara wa dola 7,200 kwa mwaka, na New Hampshire dola 100. Umesoma sawasawa, mia moja. Lazima mtu awe na kazi nyingine. Shirika la uandishi wa uchunguzi la Center for Public Integrity lilipopekua fomu za wabunge 6,933 wa majimbo 47, zilizohusu mwaka 2015, lilikuta angalau asilimia 76 wana kipato au ajira nje ya bunge. Kwa hiyo usihangaike na "ana utajiri kiasi gani". Watu hupoteza wiki nzima hapo. Uliza "nani anamlipa", na huyo anayemlipa anataka nini bungeni.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Jina kamili la mbunge, pamoja na herufi ya jina la kati, na namba ya wilaya yake ya uchaguzi.
- Orodha ya kamati anazokaa. Utaipata kwenye tovuti ya bunge la jimbo.
- Mswada mmoja. Narudia, mmoja.
- Faili la Excel lenye safu hizi: tarehe, tukio, nyaraka ulikoitoa habari hiyo, ukurasa, na maelezo yako.
- Folda ya kuhifadhi PDF. Tovuti za serikali hubadilishwa bila taarifa, kwa hiyo kila unachokiona, kipakue siku hiyohiyo.
- Pesa kidogo za kutolea nakala.

Mifano mingi hapa chini nimeitoa California, kwa kuwa fomu yake ina maelezo mengi na iko wazi. Ukiizoea hiyo, za majimbo mengine hazitakusumbua.

Hatua ya 1: Anza na mswada, mtu atafuata

Ukianza na mtu, utakusanya makaratasi mia na hutajua lipi lina maana. Ukianza na mswada, unajua unatafuta nini. Kwa mazoezi, chukua mswada AB 1482 (AB ni Assembly Bill) wa California wa mwaka 2019, iliyoweka ukomo wa kupandisha kodi ya pango: asilimia 5 kujumlisha mfumuko wa bei, isivuke asilimia 10 kwa mwaka. Ifungue kwenye tovuti ya sheria za California, leginfo. Soma uchambuzi wa kamati, nenda mpaka mwisho kabisa. Huko chini kuna orodha ya waliouunga mkono na waliopinga: vyama vya wapangaji, vyama vya wenye nyumba, madalali, wajenzi. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Kila jina lililomo ni jina la kulitafuta baadaye kwenye fomu ya mbunge.

Hatua ya 2: Pata fomu yenyewe

California inaitwa Fomu 700. Wabunge huijaza kila mwaka kufikia tarehe 1 Machi, na msimamizi wake ni tume ya maadili ya siasa ya jimbo iitwayo FPPC (Fair Political Practices Commission), ambayo huziweka mtandaoni. Florida ni Fomu 6, kwa Tume ya Maadili, kufikia 1 Julai. Hiyo ni kali kuliko nyingi, maana mbunge anaandika thamani halisi ya mali zake akitoa madeni, na kila mali au deni linalozidi dola 1,000 analitaja. Texas fomu huenda Texas Ethics Commission kufikia 30 Aprili, na hisa huandikwa kwa makundi ya idadi badala ya thamani ya fedha. Illinois huenda kwa Katibu wa Jimbo kufikia 1 Mei. Michigan haikuwa na fomu ya namna hii kabisa mpaka wapigakura walipopitisha Pendekezo la 1 mwezi Novemba 2022, na fomu za kwanza zikatoka 2024. Ukiitafuta ya Michigan ya 2019 utatafuta milele.

Jimbo lingine lolote, andika jina lake kwenye Google pamoja na maneno "statement of economic interests" au "financial disclosure", kisha chagua tovuti ya serikali peke yake.

Sasa lile swali la woga. Aliyezoea Tanzania, ambako viongozi hupeleka matamko yao Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, huwa tayari kuandaa barua ya maombi na sababu zake. Kwa California hutakiwi kuandika barua wala kutoa sababu. Sheria inakataza ofisi kukuuliza jina au kitambulisho unapotaka kuona fomu. Nakala haiwezi kuzidi senti 10 kwa ukurasa, na kwa fomu ya miaka mitano au zaidi nyuma wanaweza kuongeza ada ya kuitafuta isiyozidi dola 5. Massachusetts ni tofauti: unatoa jina lako, na mbunge anaarifiwa nani ameomba. Kwa hiyo soma masharti ya jimbo lako kwanza, kisha uamue kama utaomba wewe au chama chenu.

Onyo: fomu inahusu mwaka uliotangulia. Iliyowasilishwa Machi 2020 inaeleza mwaka 2019. Kosa la kuoanisha fomu ya mwaka mmoja na kura ya mwaka mwingine ndilo linaloharibu kazi nyingi za wanaoanza. Chukua fomu za miaka mitatu mfululizo, na uangalie kama kuna marekebisho yaliyowasilishwa baadaye.

Hatua ya 3: Soma fomu kwa mpangilio wa maana

Fomu 700 ina majedwali yenye herufi. Watu wengi huanza na A-1, la hisa, kwa sababu majina ya kampuni kubwa yanavutia macho. Mimi nakushauri uende hivi.

Anza na C: kipato, mikopo na nyadhifa. Hapa ndipo anapotajwa mwajiri wa mbunge na mwajiri wa mwenzi wake. Mume wa mbunge akiwa mkurugenzi wa kampuni ya bima, na mbunge anakaa kamati ya bima, umeshapata pa kuchimba.

Kisha A-2: biashara ambazo anamiliki asilimia 10 au zaidi, na trasti (mali inayoshikiliwa na msimamizi kwa faida ya mtu mwingine). Jedwali hili ndilo tamu kuliko yote, kwa sababu linadai pia majina ya wateja walioiletea biashara hiyo kipato cha dola 10,000 au zaidi, kwa kadiri ya sehemu yake. Kampuni ya ushauri yenye jina lisilosema chochote hujifunua hapa. Mawakili mara nyingi huficha majina ya wateja kwa hoja ya siri ya kazi yao. Andika kwamba jina limefichwa, usilibuni.

Kisha B: ardhi na majengo. Halafu D, zawadi za kuanzia dola 50 kwa mtoaji mmoja kwa mwaka, na E, safari alizolipiwa. A-1 iache mwisho.

Hebu tuone kwa karibu. Tuseme mbunge fulani, wa kubuni, kaandika kwenye B nyumba mbili Sacramento, kila moja ikiwa na alama kwenye kisanduku cha kati ya dola 100,001 na 1,000,000, na kipato cha pango kwa kila moja kati ya dola 10,001 na 100,000. Unaweza kusema nini? Unaweza kusema kipato chake cha pango kwa mwaka huo ni kati ya dola 20,002 na 200,000. Huwezi kusema ni "kama laki moja hivi". Ukichukua katikati ya kisanduku na kuigeuza takwimu, umetunga. Angalia pia kama kuna mkopeshaji aliyetajwa. Mikopo ya benki kwa masharti ya kawaida ya kila mteja haitajwi, kwa hiyo jina likionekana hapo, huenda ni mtu binafsi au kampuni iliyomkopesha nje ya utaratibu huo. Hilo linastahili saa zako.

Jua pia kisichoandikwa, la sivyo utamtuhumu mtu kwa kuficha kitu ambacho hakudaiwa kukitaja. California nyumba anayoishi mwenyewe haimo, akaunti ya akiba ya benki haimo, mshahara wa serikali haumo, mifuko ya uwekezaji ya pamoja iliyotawanywa haimo, na nyumba iliyoko nje ya jimbo haimo. Mbunge wa Sacramento mwenye nyumba Las Vegas hana kosa akikaa kimya.

Hatua ya 4: Fungua kila LLC

Fomu ikitaja LLC, yaani kampuni binafsi ambayo wamiliki wake hawabebi madeni yake, iangalie kama sanduku lililofungwa. Nenda kwenye rejista ya kampuni ya ofisi ya Katibu wa Jimbo. California iko kwenye bizfile Online, bure kabisa, na unaweza kupakua taarifa ya kampuni yenye majina ya mameneja au wanachama. Andika anwani, andika washirika, kisha wageuze washirika hao wawe utafutaji mpya: je, wana kampuni nyingine? Wamo kwenye orodha ile ya Hatua ya 1?

Kama ni taasisi isiyo ya faida inayomlipa, tafuta Fomu 990 yake, ile ripoti ya kila mwaka inayopelekwa mamlaka ya kodi, kwenye Nonprofit Explorer, tovuti ya shirika la habari la ProPublica. Mshahara wa viongozi wa taasisi umo humo kwa tarakimu kamili, bila visanduku. Kama ni kampuni iliyo kwenye soko la hisa, ripoti zake ziko EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya SEC, mamlaka ya taifa inayosimamia masoko ya hisa.

Onyo: majina hufanana. Marekani ina akina Maria Garcia wengi mno. Usikubali kuwa ni yeye mpaka vitu viwili vya kujitegemea vikubaliane, kwa mfano anwani ya biashara na jina la mwenzi. Kimoja hakitoshi.

Hatua ya 5: Kagua ardhi kaunti

Rekodi za ardhi hukaa kaunti, kwa mthamini na kwa msajili wa hati. Majimbo mengi unatafuta kwa jina mtandaoni. Kaunti nyingi za California hazionyeshi jina la mwenye nyumba mtandaoni, kwa hiyo itabidi uende na kutumia kompyuta ya ofisini. Unachotafuta ni hati ya uhamisho: nani kamuuzia, lini, na kwa jina la nani. Nyumba za kupangisha mara nyingi ziko kwenye trasti ya familia au LLC, basi tafuta kwa majina hayo pia.

Anwani anayolala mbunge na watoto wake usiichapishe popote. Haiongezi hoja yako, na inaweza kumletea mtu madhara.

Hatua ya 6: Weka tarehe kando ya tarehe

Sasa rudi kwenye Excel. Mswada uliwasilishwa lini, ulipita kamati gani, ulirekebishwa lini, nani alipiga kura ipi. Usiangalie kura ya mwisho tu. Mswada mwingi huuawa au kuchunwa meno kwenye kamati, na kura ya kamati ndiyo inayosema zaidi. Angalia pia waliokaa bila kupiga kura.

Kando yake weka tarehe za mali: nyumba ilinunuliwa lini, kampuni ilisajiliwa lini, kazi ilianza lini. Kisha ongeza michango ya kampeni na ripoti za washawishi (lobbyists, watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge) kutoka Cal-Access, tovuti ya jimbo la California. Kila robo mwaka, mashirika yanayoajiri washawishi California hutaja miswada waliyoishughulikia. Ukikuta mlipaji wa mbunge amewalipa washawishi kwa mswada uleule, hapo kaa chini, unywe chai, na uanze kuandika taratibu.

Hatua ya 7: Pima kabla hujatamka

Majimbo mengi yanamruhusu mbunge kupiga kura kama faida anayopata ni ileile wanayopata watu wote wa kundi lake. Mwalimu anaweza kupigia kura mishahara ya walimu. Mwenye nyumba mbili anaweza kupigia kura kodi ya pango inayowahusu wenye nyumba wote. Hali hubadilika mswada unapokuwa na kifungu kinachomfaa yeye na wachache tu, au mlipaji wake anapokuwa mmoja wa wanufaika wawili watatu.

Kesi ya Sheldon Silver, aliyekuwa Spika wa bunge la New York kwa zaidi ya miaka ishirini, inafundisha kuliko maelezo yangu. Fomu zake zilitaja kampuni kubwa ya mawakili aliyohusishwa nayo. Hazikutaja kampuni nyingine ndogo ya mawakili wa kodi za majengo, ambayo ilipata kazi kutoka kwa wajenzi wakubwa wa nyumba na kumgawia Silver sehemu ya ada, wakati sheria za pango na misamaha ya kodi zikipitia mikononi mwake. Alitiwa hatiani 2015, hukumu ikafutwa 2017, akatiwa hatiani tena 2018. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa iliondoa mashtaka yaliyohusu wagonjwa wa asbesto walioelekezwa kwenye ile kampuni kubwa kama wateja, ikayaacha yale ya wajenzi. Alifariki Januari 2022 akiwa bado anatumikia kifungo. Tazama mahali palipommaliza: jina ambalo halikuwa kwenye fomu.

Hatua ya 8: Mwulize mwenyewe

Tuma barua pepe fupi ofisini kwake. Taja nyaraka, tarehe na swali, na umpe siku kadhaa za kujibu. "Mheshimiwa, Fomu 700 yako ya mwaka fulani inaonyesha kipato kutoka kampuni fulani. Tarehe fulani ulipiga kura ya ndiyo kwa mswada fulani, ambao kampuni hiyo iliuunga mkono. Je, uliomba ushauri wa maadili kabla ya kura?" Usitumie neno "rushwa" wala "fisadi". Mara nyingi jibu linaonyesha kitu ulichokikosa, na mara nyingine ukimya nao unaingia kwenye maandishi yako kama ukimya.

Ukikwama

*Fomu haionekani mtandaoni.* Piga simu ofisi inayoisimamia, uliza inahifadhiwa wapi na kwa utaratibu gani. Huenda mbunge amechelewa. California faini ya kuchelewa ni dola 10 kwa siku, haizidi dola 100, kwa hiyo usishangae baadhi wakichelewa bila wasiwasi.

*Fomu imeandikwa "hakuna" kila mahali.* Angalia wasifu wake kwenye tovuti ya kampeni. Akijitambulisha huko kuwa mfanyabiashara, tafuta hiyo biashara kwenye rejista ya kampuni, halafu usome tena masharti ya fomu: huenda kiwango chake hakifiki cha kutajwa. Usipopata maelezo, una swali la Hatua ya 8.

*LLC imesajiliwa Delaware na hakuna jina la mtu.* Delaware haionyeshi wamiliki. Lakini kampuni ikifanya biashara kwenye jimbo lako hutakiwa kujisajili hapo pia, na usajili huo wa pili unaweza kuwa na majina. Jaribu pia hati za ardhi, kesi za mahakamani na leseni za kazi, maana sahihi ya mtu huonekana mahali fulani.

*Fomu imeandikwa kwa mkono na haisomeki.* Linganisha na ya mwaka uliotangulia. Wengi hunakili mistari ileile.

*Nimepata kitu, nipeleke wapi?* California unaweza kulalamika FPPC, hata bila kutaja jina lako. Ambatanisha nyaraka zenyewe na jedwali lako la tarehe, maana maelezo marefu yasiyo na karatasi huwekwa pembeni. Ukimpelekea mwandishi wa habari, mpe PDF na tarehe ulizozipakua, naye ataanza kazi yake kwa kuzikagua upya moja moja. Usinune akifanya hivyo.

*Ofisi inaniambia niandike kwa nini nataka fomu.* Kama uko California, mweleze mhudumu kwa upole kwamba kifungu cha 81008 cha Government Code ya California hakiruhusu sharti lolote, kisha umwombe msimamizi wake. Kwingineko, omba waonyeshe kanuni inayodai sababu hiyo, uinakili namba yake, na uisome mwenyewe kabla hujajaza chochote.